Kabureta ya Kushoto

"Bu Kinah, mtu ameshakufa, pikipiki yake unaiwasha ya nini?"

Aliyeuliza alikuwa Bu Minem, jirani wa upande wa mihogo, na hakuuliza kwa ubaya. Hapo kijijini kila mama ni Bu, na kila baba ni Pak. Alikuwa anaanika nguo. Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, na Tukinah alikuwa amekwisha kupiga kiki mara tano kwa mguu wenye kandambili, mpaka pikipiki ikakubali.

"Isije ikaganda," akajibu.

"Miaka inakaribia mitatu, haijaganda tu?"

"Ndiyo kwa sababu naiwasha."

Bu Minem akacheka, akabana kikoi cha mumewe kwenye kamba. "Haya. Wangu akifa nitawasha redio yake."

Lakini hakuondoka. Alisimama na ndoo yake akasikiliza, kama walivyosikiliza wote wa mtaa ule kila Alhamisi. Ilikuwa pikipiki ya zamani, ya silinda mbili, kila silinda na kabureta yake, tangi la rangi ya damu ya mzee. Mlio wake haukuwa mmoja. Ulikwenda ukirudi, ukipanda kidogo na kushuka kidogo, kama mtu anayebembeleza mtoto. Marehemu mumewe, Pak Sardiman, alipokuwa hai, Tukinah aliusikia toka kwenye daraja la mfereji wa miwa, akabandika maji ya chai jikoni, na maji yalichemka bwana akiingia uani.

Kijiji kile ni cha wafuaji wa patu za shaba, na watoto wa hapo hujua sauti kabla ya kujua kusoma. Baba yake Sardiman alikuwa ndiye mtu wa mwisho kuushika upatu kabla haujatoka karakana. Alikuwa akizipa patu mbili sauti moja, halafu moja anaikwangua kidogo tena, ili zisilingane kabisa. Zikigongwa pamoja, sauti inafanya mawimbi. Mbili zikilingana kabisa, alikuwa akisema, hapo umezika maiti. Kwa hiyo watu waliposikia pikipiki ya mwanawe hawakuuliza. Walisema, Sardiman hakurithi nyundo, amerithi sikio. Amezitia mawimbi kabureta.

Na Tukinah alisema hivyo hivyo. Alijivunia. Mumewe hakuwa mtu wa maneno, hasa miaka ile ya mwisho, na mke hutafuta la kujivunia pale lilipo.

Alhamisi iliyokuwa inafuata ndiyo ilikuwa siku ya elfu tangu azikwe. Jiwe la kaburi lingewekwa asubuhi, jioni watu wasome Yasini na kula. Wazee husema siku ya elfu roho inaacha kuzungukazunguka nyumbani, inakwenda moja kwa moja. Imamu hapendi maneno hayo, na Tukinah ni mtu wa sala, hayasemi. Lakini alikuwa amekwisha kujiambia moyoni kwamba siku ile ataiwasha kwa mara ya mwisho, watu wote wakiwepo, aagane na ule mlio. Baada ya hapo aifunike.

*

Mwanawe Prasojo alifika Jumatatu kutoka mjini. Ana gereji huko, yenye sakafu ya vigae, na vijana wawili wamevaa sare. Alikuja na mchele, mafuta ya kupikia, bahasha ya kulipia jiwe la baba yake, na kisanduku cheusi alichokishika kama mtu aliyebeba mayai.

"Nini hicho, Le?" mama akamuuliza. Ndivyo anavyomwita tangu utotoni, yaani kijana wangu, ingawa sasa ana miaka ishirini na sita na tumbo linaanza.

"Utaona. Wewe nenda sokoni."

Akaenda sokoni kununua unga wa mchele wa apem, vile vitumbua ambavyo haviwezi kukosa kwenye dua ya maiti. Aliporudi, Prasojo alikuwa amechuchumaa chini ya kibanda, mikono myeusi hadi viwikoni. Kabureta zote mbili zilikuwa zimeshafunguliwa, zikasafishwa, zikarudishwa. Kwenye injini mipira miwili ilikuwa imechomekwa, na mwisho wa kila mpira palikuwa na geji yenye mshale.

"Tazama, Bu. Hii ya kulia, hii ya kushoto. Ona mishale."

Mishale ilisimama mahali pamoja kama watu wawili kwenye picha ya pasipoti.

"Sikiliza sasa."

Akasikiliza. Injini ilikuwa inakwenda laini, sawasawa, haipandi haishuki. Ungeweza kuweka glasi ya chai juu ya tangi. Tukinah alisimama na mfuko wa unga begani. Akangoja mlio urudi kule unakorudi, haukurudi.

"Nimekutengenezea kwa ajili ya siku ya Bapak," Prasojo akasema. Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyemaliza kufagia bila kutumwa. "Tangu lini haijatulia hivi?"

"Ahsante, Le."

"Mbona umenyamaza?"

"Mfuko mzito."

Akamtua mfuko. Hapo ndipo Bu Minem alipochungulia juu ya ua, maana yule mwanamke hapitwi. "Jojo, umefika. Hiyo pikipiki ya mteja?"

"Ya Bapak, Bu."

"A-a. Hiyo?" Bu Minem akainamisha kichwa. "Mbona inalia kama za watu wote?"

Prasojo akazima injini. Akafuta mikono polepole, kila kidole peke yake. "Inalia kama inavyotakiwa kulia," akasema. "Iliyokuwa inalia kama mlevi ni ile ya kwanza. Kabureta ya kushoto ilikuwa juu, inavuta kupita mwenzake. Plagi yake nyeusi tititi, angalieni."

"Mimi si fundi," Bu Minem akasema, "mimi nasikia tu," akaenda zake.

Mama na mwana wakabaki. Tukinah alijaribu kunyamaza, akashindwa.

"Le, huwezi kuirudisha ilivyokuwa?"

"Kuirudisha vipi?"

"Ilivyokuwa. Kwa siku hiyo moja tu."

"Unaniambia niiharibu makusudi." Alisema taratibu, huku anachomoa mipira kwenye injini. "Bu, nilimwambia Bapak nikiwa na miaka kumi na saba. Nilimwambia ya kushoto iko juu. Unakumbuka alivyonijibu? Mbele ya wateja. Watu saba, niliwahesabu. 'Wewe huna sikio.' Mimi, mjukuu wa yule babu wa patu, eti sina sikio. Mtu mmoja akacheka, yule mwenye duka la mbolea. Mpaka leo nikimwona namsalimia, lakini nakumbuka meno yake."

"Alikuwa amechoka siku ile."

"Siku ile tu?" Akafunga kisanduku chake. "Hata ningetaka, siwezi. Geji haina alama ya 'kama zamani'. Aliyeuweka mlio huo yuko kaburini, na alivyouweka hakumwonyesha mtu."

*

Palikuwa na mtu mmoja aliyeonyeshwa. Gimin alikuwa fundi msaidizi wa marehemu katika gereji yake ya pikipiki miaka kumi na minne, na ilipofungwa akaanza kuuza supu ya vibonge vya nyama karibu na njia ya reli, mkabala na kiwanda cha sukari. Jumanne Tukinah alipanda baiskeli, akamkuta anakatakata majani ya vitunguu. Gimin alipomwona akasimama haraka, akafuta benchi ambalo lilikuwa safi.

"Bu Kinah. Kumbe ni wewe. Keti. Nikutilie bakuli?"

"Nimekula. Nimekuja kukualika Alhamisi, na nina haja."

"Nitakuja, Mungu akipenda. Haja gani?"

Akamweleza. Kabla hajamaliza, Gimin alikuwa amekwisha kuanza kutikisa kichwa.

"Aliyoifanya Jojo ni sahihi, Bu. Iacheni."

"Najua ni sahihi. Mimi siulizi sahihi. Nauliza unaweza?"

"Siwezi."

"Miaka kumi na minne ulikuwa unamshikia mipira, huwezi?"

Gimin akarudi kwenye vitunguu vyake. Alikata kimoja, alikata cha pili. Mteja akaja, akatiliwa, akaambiwa akae benchi la mbali. Tukinah hakusogea. Ni mwanamke ambaye akikaa mahali anakaa, na Gimin alimjua.

"Unakikumbuka kile kidude chake?" mwishowe akasema. "Alichokitengeneza kwa kipimo cha daktari?"

Alikikumbuka. Sardiman alinunua kipimo chakavu cha daktari, kile cha kusikilizia kifua, akakikata. Akaunga mipira miwili mirefu. Mmoja unatoka mdomo wa kabureta ya kushoto unaingia sikio la kushoto, mwingine wa kulia sikio la kulia. Hewa ikipita inafanya shhh, na fundi anakaza na kulegeza mpaka masikio yote mawili yapate shhh moja. Watu walikuja kutoka wilaya nyingine kumtazama tu anavyofumba macho.

"Alikuwa anafumba macho," Gimin akasema, "lakini pikipiki za wateja nilikuwa nazisikia mimi. Yeye anavaa kidude, mimi naweka sikio pembeni, nikikohoa anajua bado, nikinyamaza anajua tayari. Kikohozi chote kile, Bu, ulichokuwa unanipikia tangawizi. Sikuwa mgonjwa."

Tukinah akamtazama.

"Pak Sardiman alikuwa hasikii sikio la kushoto. Kidogo kidogo, halafu kabisa. Sasa pikipiki yake mwenyewe hakutaka niiguse. Anavaa kidude, la kulia linasikia, la kushoto halisikii, basi anaifungua ya kushoto, anaifungua, mpaka imfikie. Yeye anaona sawa. Sisi wengine tunasikia mawimbi."

"Wewe ulijuaje?"

"Siku moja nilikosea nikamvisha mipira kinyume. Akapandisha ya kulia badala ya kushoto. Nikamwambia, Pak, mbona leo upande mwingine? Akanitazama. Nikamtazama. Akakivua kile kidude, akakaa chini kwenye kopo la rangi. Akaniambia, Gimin, fundi wa masikio akijulikana kiziwi, nani ataleta pikipiki? Na mimi mtoto wa nani hapa? Akaniapisha. Nilikula kiapo, Bu, na sasa nimekitapika."

"Lakini watu walisema ameweka makusudi. Kama baba yake. Hakukataa."

"Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Nafikiri mara nyingi alikuwa hajasikia walichosema."

Yule mteja wa mbali akaomba pilipili. Gimin akampelekea, akarudi. Tukinah alikuwa ameiweka mikono yake mapajani, kama mtu aliye kwenye tahiyatu.

"Ilianza lini?"

"Ule mwaka mlima ulipotapika majivu. Sikio lilitoka usaha, akajitilia mafuta ya karafuu mwenyewe. Hakwenda zahanati. Mvua za mwaka uliofuata zililikuta halisikii tena."

"Mtu akimsemesha kwa sauti ya chini, upande huo?"

"Sauti ya chini? Upande huo hata ungepiga upatu." Gimin akatia vitunguu kwenye bakuli. "Lakini wewe ulikuwa unajua, Bu. Si ulikuwa mkewe?"

"Nilikuwa mkewe," Tukinah akasema.

*

Ni katika mvua hizo hizo za mwaka uliofuata walipomzika binti yao mdogo, Ratih. Alikuwa na miaka minne. Homa ilianza Jumamosi, na Tukinah akampeleka kwanza kwa bibi wa kukanda, kwa sababu ndiye aliyemkanda Prasojo akapona, na zahanati akampeleka Jumatatu, ikawa wamechelewa. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Siku ya saba, wageni walipokwisha kuondoka, alilala kando ya mumewe mahali pake pa siku zote, upande wa kushoto, akamuuliza kwa sauti ya chini, asisikie Prasojo chumba cha pili. Mas, mume wangu, unanilaumu?

Sardiman alikuwa macho. Alikuwa anatazama dari. Hakujibu.

Hakuuliza tena. Mtu haulizi mara mbili jambo ambalo amekwisha kujibiwa. Alimpikia, alimfulia, alimuuguza mpaka mwisho, na kila alipopiga magoti alimwomba Mungu kwanza msamaha wa Mungu, kisha wa mumewe. Miaka minane. Na kila jioni mlio ule ukija toka darajani aliona, angalau kwenye kabureta zake ameacha nafasi ya upole.

Alisukuma baiskeli yake njia nzima toka njia ya reli. Hakuipanda.

*

Alhamisi asubuhi jiwe liliwekwa. Mchana wanawake walijaa jikoni, apem zikatoka kwenye vikaango kumi kumi, na Bu Minem akawapangia watu wote kazi katika nyumba isiyo yake. Prasojo alikuwa kibandani, peke yake, anaifuta pikipiki ambayo ilikuwa imeshafutwa. Tukinah akamfuata akiwa na unga mikononi.

"Le. Baba yako alikuwa kiziwi sikio la kushoto."

Akamweleza lote la Gimin, kwa maneno machache. La Ratih hakulitaja. Lile lilikuwa lake.

Prasojo akacheka kidogo, kicheko cha puani. Halafu akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu. "Kwa hiyo nilikuwa nasema kweli."

"Ulikuwa unasema kweli."

"Ya kushoto ilikuwa juu."

"Ilikuwa juu. Wewe una sikio, Le. Yeye ndiye hakuwa nalo."

Kutoka jikoni Bu Minem alisikika akisema mtu gani amekata majani ya ndizi madogo hivi, ni karamu ya sungura? Prasojo alikuwa anang'oa kucha iliyokatika. "Angeniambia mimi," akasema. "Mimi ni mtoto wake. Ningekohoa."

Mama akafuta unga kwenye kanga.

"Na bado unautaka ule mlio?"

"Bado."

"Hata ukijua ni kasoro tu?"

Akafikiri. "Nilikaa nao kabla sijajua," akasema. "Nataka kuusikia nikijua."

Prasojo akainuka. Akaingia ndani, akatafuta chini ya meza ya kazi ya baba yake mpaka akakipata kile kidude, mipira imekauka lakini haijapasuka. Akakipangusa kwa shati.

"Nipe usufi."

"Wa nini?"

"Nipe tu, Bu."

Akafumua pembe ya mto, akampa donge la usufi. Prasojo akalisokota, akalichomeka kwenye sikio la kushoto, akaongeza jingine, akalishindilia kwa kidole gumba mpaka uso ukajikunja. Kisha akavaa kidude juu yake, akaiweka mipira kwenye midomo ya kabureta. Akapiga kiki. Injini ikawaka, laini, kama za watu wote.

Akafumba macho. Bisibisi ikatafuta skrubu ya kushoto yenyewe, kama inaijua njia. Akageuza robo. Akangoja. Akageuza tena kidogo. Wanaume waliokuwa wakitandika mikeka uani waliendelea kutandika. Akageuza tena, uso wake umetulia kama wa mtu anayesinzia, na hapo mlio ukaanza kutetereka. Ukapanda kidogo. Ukashuka. Ukaenda, ukarudi.

Mkeka ukabaki nusu umekunjuliwa. Mzee mmoja, mfuaji wa patu, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Bu Minem akatoka jikoni na sinia la apem kichwani, akasimama pale pale.

"Huyo," akasema taratibu. "Huyo kaja."

Gimin alikuwa amefika, yuko mlangoni na kofia yake mkononi. Hakukohoa.

Tukinah alikuwa amesimama kando ya mwanawe, upande wa kushoto, karibu kiasi cha kuweza kumgusa bega. Mlio ulikuwa ule ule. Haukupungua hata kidogo. Aliutazamia umwambie jambo, kama ulivyokuwa ukimwambia, nao ulikuwa unapanda na kushuka tu, kabureta moja ikivuta kupita mwenzake.

"Ndivyo, Bu?" Prasojo akauliza. Macho bado ameyafumba.

"Ndivyo," akasema.

Prasojo akangoja, usufi sikioni. Mkono wake ulikuwa bado kwenye bisibisi. "Bu? Ndivyo?"

"Ndivyo, Le. Ndivyo kabisa."

Hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anangoja jibu la mama yake, na uso wake haukuwa na hasira wala lawama. Hakuwa na chochote usoni, ila kungoja.

Tukinah alimtazama vile, akaukumbuka uso uliokuwa unatazama dari, mpaka injini ikapanda na kushuka mara nyingi. Kisha akajifuta unga uliobaki, akavuta shela yake kichwani, akapita kati ya mikeka, akampita Bu Minem na sinia lake, akampita Gimin mlangoni, akashika njia ya makaburini.